Chaki Chini ya Madebe

Lori la maziwa liliporudishwa na kiwanda mara ya pili, Msimamizi hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza nani.

Ndivyo alivyoumbwa. Nyumbani kwake sukari haiishi, huliwa; na ikiliwa, yeye hutazama vidole vya watoto kabla ya kutazama kopo. Kazini walimwita Kamera, wakidhani hajui. Alijua tangu wiki ya kwanza, na aliyelitunga jina hilo alimjua pia, ila alikuwa anamwekea kiporo.

Kituo chenyewe kilikuwa banda refu la bati lenye sakafu ya saruji isiyokauka. Mbele kulikuwa na jukwaa la kupokelea, katikati tangi la kupozea, nyuma sehemu ya kuoshea madebe. Kila asubuhi wafugaji walileta maziwa kwa baiskeli na mikokoteni, kila mmoja na debe lake la alumini lenye namba. Maziwa yalipimwa, yakamiminwa kwenye tangi, na saa tano lori likayapeleka kiwandani. Kazi rahisi, mradi kila mtu afanye yake. Debe moja lililochacha likiingia humo, linaharibu maziwa ya wafugaji mia na ishirini.

Na sasa yalikuwa yameharibika mara mbili, Alhamisi iliyopita na leo Jumanne.

Simu ya Meneja ililia kabla lori halijazima injini. Meneja alikuwa anafanya kazi nyumbani tangu siku gonjwa lilipotangazwa redioni. Wengine walirudi baada ya wiki, wengine baada ya mwezi. Yeye huu ulikuwa mwezi wa nne, na sauti yake ilizidi kunona.

"Mama, kiwanda kimesema mara ya tatu ndiyo mwisho. Wanatukata. Nataka jina la mtu ifikapo Ijumaa mchana, na barua ya kumwachisha kazi."

"Jina la nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Si uko hapo? Huyo mwosha madebe umemchunguza? Debe lisiposuuzwa vizuri maziwa yanageuka, hata mtoto anajua. Na mimi nasikia anajifunika uso hata akiwa peke yake. Mtu anaficha nini?"

Msimamizi alijibu kwamba ataangalia. Lakini moyoni alikuwa ameshaanza kuangalia zamani.

Miezi ile minne alikuwa amegundua jambo moja, wala hakulisoma popote: gonjwa halibadilishi watu, linawavua nguo za juu tu. Mhasibu, ambaye zamani aliogopa panya na mwanga wa radi, sasa aliogopa kila kitu. Alitundika nailoni mbele ya meza yake, akawa anapokea karatasi kwa kibanio cha jikoni na kuzianika juani kama nguo za mtoto. Dereva wa lori, mbishi wa kuzaliwa, aliivaa barakoa yake kwenye kiwiko.

"Si mmesema tuvae?" aliwaambia walinzi wa getini. "Hamkusema wapi."

Halafu alikuwepo Pua. Huyu alikuwa mdogo wake mume wa Msimamizi, shemeji yake kabisa, na ndiye mnusaji wa kituo. Kazi ya mnusaji wengi huicheka mpaka waione. Kila debe likifunguliwa kifuniko, mnusaji huinama na kuvuta pumzi moja tu, kabla hewa ya ndani haijatoka. Pumzi hiyo moja inamwambia kama maziwa ni mazima, kama yamechanganywa na ya jana, kama ng'ombe alikuwa anapewa dawa. Zamani pua ikisita, ilitumika spiriti: unachanganya kijiko cha maziwa na kijiko cha spiriti, yakiganda debe linarudi kwa mwenyewe. Lakini gonjwa lilipoingia, spiriti yote mjini iliishia kwenye mikono ya watu. Chupa moja iliyobaki kituoni Mhasibu aliifungia kwenye droo yake, akaichora mstari wa kalamu ili ajue nani kaiba tone. Kwa hiyo ilibaki pua, na pua ilikuwa moja.

Pua hakuogopa kitu. Alikuwa mtu wa watu, bingwa wa utani, na gonjwa lilimzidishia maneno. Alishusha barakoa kidevuni kwa kila debe, kwa sababu huwezi kunusa ukiwa umejifunika, akaongea na kila mfugaji, akacheka na kila mama.

"Debe lako safi, mama. Safi kuliko roho ya mwenyewe."

"We Pua, utakufa na mdomo wako."

"Nikifa mtapitisha maziwa kwa nani? Kwa Kamera? Huyo atawanusa nyinyi, si maziwa."

Wote walicheka, na Msimamizi pia alicheka. Pua ndiye aliyelitunga jina lile. Shemeji husamehewa mengi.

Wa mwisho ni mwosha madebe, mama mtu mzima aliyeletwa na kanisa mwaka uliotangulia, bila mume wala ndugu wa kumtaja. Watu walimwita Kimya. Gonjwa lilimkuta hasalimiani kwa mkono, hali chakula na watu, hakai karibu na mtu. Lilipokuja na amri zake yeye hakuwa na la kubadilisha. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Alikula nyuma ya pipa la maji akiwa amewapa watu mgongo. Na Msimamizi aliona, kama alivyoona kila kitu, kwamba tangu wiki iliyopita Kimya alikuwa anatembea na kipande cha chaki kwenye mfuko wa aproni.

Mwosha madebe na chaki wapi na wapi?

Jumatano alimfuatilia. Alijifanya anakagua bomba la tangi, akawa anatazama nyuma kwa pembe ya jicho. Madebe matupu yalifika kwa Kimya yakisukumwa juu ya reli ya vyuma vinavyozunguka. Kimya aliliinamisha la kwanza, akalitazama ndani, akaliosha. La pili vilevile. La tatu alishusha barakoa zake zote mbili, akaingiza uso ndani ya debe, akautoa haraka. Akatazama kushoto na kulia. Kisha akaligeuza debe na kulichora msalaba wa chaki kwenye kitako.

Msimamizi hakuwa mtu wa kurukia mambo. Alisubiri mpaka Kimya aende kula, akazunguka, akageuza madebe moja baada ya jingine. Matano yalikuwa na msalaba. Akaandika namba zake kiganjani kwa kalamu, maana karatasi huanguka. Namba mbili kati ya hizo zilikuwa za akina mama wanaosali kanisa moja na Kimya.

Hapo akapata hadithi nzima, imekaa vizuri kama nguo ya kushonesha. Kimya ana watu wake. Wale wanatia maji, au wanachanganya ya jana na ya leo, na yeye anaweka alama ili madebe yao yajulikane, yapitishwe, yasiguswe. Anajifunika uso ili asisomeke. Hata ukimya wake sasa ulikuwa na maelezo.

Mchana huohuo alimwendea.

"Mama, hizi alama za nini?"

Kimya hakuacha kusugua. "Zangu."

"Najua ni zako. Nauliza za nini."

"Za kuosha mara mbili."

"Kwa nini haya mara mbili na mengine mara moja?"

"Yananuka."

"Yananuka?" Msimamizi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mama, madebe haya yamepita mbele. Yangekuwa yananuka, Pua angeyarudisha getini yakiwa na maziwa yake. Au wewe unanusa kumshinda yeye?"

Kimya alinyanyua macho. Juu ya barakoa mbili yalionekana makubwa na makavu. Alimtazama Msimamizi kwa muda ambao mtu wa chini hamtazami mkubwa wake.

"Shemeji yako unamjua wewe," akasema. "Mimi naosha madebe."

Akarudi kwenye brashi yake.

Msimamizi aliondoka pale masikio yakiwa ya moto. Shemeji yako. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa anataka kuingiza ukoo kwenye maneno, ajifiche nyuma yake. Watu wenye hatia, alijiambia, ndivyo wanavyofanya: ukiwashika mkono wanakuonyesha mkono wa jirani.

Alhamisi asubuhi alifika mzee mmoja mfugaji, amefura. Debe lake lilikuwa limekataliwa na Pua siku mbili mfululizo.

"Nimekamua saa kumi na moja, saa kumi na mbili niko hapa. Linachachaje? Njiani limepanda gari gani la moto?"

"Mzee, mnusaji amesema limegeuka."

"Nimelinywa mwenyewe hapo getini mbele ya walinzi. Niko hai. Onja na wewe."

Msimamizi hakuonja. Wakati ule nani angeonja kitu kilichopita mdomoni mwa mtu? Alimtazama mzee, akaona macho mekundu na hasira za kupitiliza, akajisemea kwamba na huyu ana lake jambo. Alimwambia arudi kesho. Mzee akaondoka akiburuta baiskeli, akisema maneno ambayo barakoa iliyameza nusu.

Mchana alikaa ofisini, upande wa pili wa nailoni ya Mhasibu, akaandika barua. Alikuwa na stashahada ya maziwa na uongozi, na barua za kazini zilikuwa hazimpi tabu. *Kwa sababu ya uzembe katika kazi ya usafi wa vyombo.* Mistari minne, nafasi ya sahihi.

"Ni yeye?" Mhasibu akauliza kutoka nyuma ya nailoni.

"Anaelekea kuwa yeye."

"Mimi nilisema. Mtu asiyekohoa hata siku moja, unadhani anaficha nini?"

"Wewe si uliniambia nikisikia mtu anakohoa nikimbie?"

"Anayekohoa unakimbia. Asiyekohoa unamchunguza." Mhasibu alipuliza dawa hewani mbele yake. "Barua ikishasainiwa uiweke juani kwanza."

Msimamizi alishika kalamu, akaiweka. Si huruma iliyomzuia. Wanaomjua wanasema ni tabia ileile: hakuwa anamwamini mtu yeyote, na siku hiyo hakujiamini hata yeye. Hadithi yake ilikuwa nzuri mno. Mtu aliyewahi kuwakamata watoto wake na uongo mara mia anajua kwamba uongo ndio unaokaa vizuri hivyo. Ukweli huwa na uzi unaoning'inia.

Uzi wenyewe ulikuwa huu: kabla ya kuandika barua alikuwa amekwenda nyuma na kuingiza pua yake kwenye debe moja la msalaba, kabla halijaoshwa. Lilinuka. Lilinuka uchachu wa kutosha kumfanya ajifute machozi. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Kimya ametia kitu humo baada ya maziwa kumiminwa, ili apate ushahidi wa maneno yake. Ndivyo kichwa chake kilivyokwenda, na hakuona ajabu. Lakini atie kitu gani, na amekitoa wapi?

Akaamua kutega.

Jioni alibeba lita sita za maziwa mazima hadi nyumbani kwake kwenye debe la akiba. Aliyaweka karibu na jiko mpaka yakaanza kugeuka. Hayakuwa yameganda, kwa macho yalikuwa maziwa kamili, ila ukifunua kifuniko yanakupiga usoni. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi, mapokezi yakiisha, angeyamwaga mtaroni, na debe tupu lenye harufu angelipeleka kwa Kimya kwa mkono wake, likiwa na namba ambayo si ya mfugaji yeyote. Kimya akilichora msalaba, basi kweli anachora kwa harufu. Asipolichora, anachora kwa urafiki, na barua inasainiwa saa ileile.

Mtego mzuri. Shida ya mitego ni kwamba haina macho ya kuchagua.

Ijumaa kulikuwa na foleni ndefu kuliko kawaida. Walinzi walichora duara za chokaa ardhini ili watu wakae mbalimbali, na watu walisimama ndani ya duara huku madebe yao yakitangulia peke yake, yakisukumwa na mguu. Msimamizi aliliweka debe lake pembeni ya jukwaa, chini ya mizani, akaenda kupokea simu ya Meneja.

"Jina liko tayari?"

"Mchana, bosi. Tulisema mchana."

"Mama, kama ni huyo mwosha madebe usijisumbue kichwa. Hana mtu wa kuja kulalamika."

Alipokata simu na kugeuka, mlinzi alikuwa ameshasafisha pembeni ya jukwaa, kama alivyoamriwa kila siku, na debe la mtego alikuwa amelisukuma kwenye mstari pamoja na mengine. Lilikuwa la pili. Msimamizi alianza kutembea haraka. Hakuogopa. Pua atalikataa tu, alijiambia, na mtego utakuwa umeharibika, nitatega mwingine.

Pua aliinua kifuniko. Akashusha barakoa kidevuni. Akainama, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa maua.

"Safi," akasema. "Hili limetoka kwa mtu anayemcha Mungu. La nani? Anyooshe mkono nimpe dada yangu."

Foleni ikacheka. Pua akashika mikono miwili ya debe, akaliinua kuelekea mdomo wa tangi.

Msimamizi alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa hajamgusa mtu asiye wa nyumbani kwake kwa miezi minne.

"Liweke chini, shemeji."

"Kuna nini?"

"Liweke chini."

Hatua mbili kutoka pale, kupitia barakoa yake ya kitambaa, harufu ilikuwa inamchoma. Mama wa kwanza kwenye foleni alikuwa amejiziba pua kwa kiganja. Pua peke yake ndiye aliyesimama mbele ya debe lile akiwa anatabasamu, macho yake yakienda huku na huku kutafuta kosa liko wapi.

Alimpeleka stoo, akafunga mlango. Stoo ilikuwa na ndoo ya dawa ya kuulia wadudu kwenye sakafu, kali ya kutoa kamasi. Aliifunua kifuniko, akamsogezea.

"Hii ni nini?"

"Shemeji, umeanza mambo ya polisi sasa?"

"Fumba macho uniambie hii ni nini."

Alifumba. Akanusa. Akanusa tena. Kidevu chake, ambacho barakoa ilikuwa imekikalia miezi minne bila kukinga chochote, alikipangusa kwa kiganja.

"Maji," akasema.

Msimamizi alifunika ndoo.

"Tangu lini?"

"Shemeji..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Jumapili ile tuliyokula kwako." Alikaa juu ya gunia la magadi. "Jumamosi nilikuwa na homa. Mke wangu nilimwambia ni uchovu. Jumapili niliamka harufu hakuna, ladha hakuna. Nikasema itarudi. Kila siku nasema itarudi kesho."

Jumapili ile. Msimamizi alimwona tena mezani, akitia chumvi kwenye chakula chake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yeye, Kamera, aliiona chumvi ile na akacheka, akasema shemeji umeoa bahari. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yake, na mtoto wa mwisho alikuwa mapajani mwa baba yake mdogo. Tangu hapo watu mia na ishirini kila asubuhi walikuwa wanapumuliwa usoni.

"Na yule mzee uliyemrudisha mara mbili?"

"Lazima urudishe moja moja. Usiporudisha hata moja watu watajiuliza." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeeleza jinsi alivyovunja sahani. "Yakiwa yameganda nayaona kwa macho. Hayo mengine nabahatisha."

"Kwa nini hukusema?"

Pua alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Niseme nini? Kila mtu hapa ana kazi ya mikono. Mimi hii hapa ndiyo niliyonayo." Akajigusa uso. "Mimi siumwi, shemeji. Hunijui mimi? Waoga ndio wanaoumwa. Nilisema sana hilo. Nimelisema mbele ya watu."

Nje walisikia walinzi wakiwaambia watu warudi kwenye duara.

"Sikiliza," Pua akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepata njia. "Mhasibu kaniambia barua umeshaandika. Jina lipo tayari. Liache likae. Mimi nachukua likizo leo, nasema mgongo. Itarudi hii, nitarudi. Yule mama hana mtoto, hana mume, atapata pa kuosha pengine. Mimi nina wanne. Na mama yuko kwako, unataka asikie nini? Kwamba mwanawe amefukuzwa na mke wa mwanawe?"

Kuna watu watakaosimulia kwamba Msimamizi hakusita. Alisita. Alisimama na mkono kwenye kitasa, akapima. Barua ilikuwa imeandikwa vizuri. Meneja aliitaka. Hakuna ambaye angeuliza. Na alipopima hivyo aliona kitu kingine, akakiona wazi kama kawaida yake ya kuona: kwamba wiki nzima alimshuku mwanamke aliyejifunika, aliyekaa mbali, aliyekula peke yake, yaani mtu mmoja pale kituoni aliyefanya yote yaliyosemwa yafanywe. Na aliyevunja yote hakumtilia shaka hata dakika moja, kwa sababu alikuwa anachekesha, na kwa sababu walikuwa wanakula pamoja Jumapili.

"Pandisha barakoa yako," akamwambia. "Toka kwa mlango wa nyuma. Usiongee na mtu. Nenda zahanati, ukawaambie yote uliyoniambia mimi, na tarehe zake. Nitapiga simu baada ya saa moja kuuliza kama umefika. Unanijua kwamba nitapiga."

"Shemeji."

"Hiyo shemeji yako ndiyo iliyotufikisha hapa."

Alifunga geti kwanza, ndipo akampigia Meneja. Alijifunza kwa watoto: ukiomba ruhusa kabla, utapewa sababu za kunyimwa.

"Nimefunga kituo, bosi. Siku kumi na nne. Idara ya afya wameshajua, wanakuja kuchukua majina ya wafugaji."

Upande wa pili kulisikika mtu akiweka kikombe chini. "Umefanya nini? Mama, nilikuomba jina moja."

"Ninayo mawili. La mnusaji, amepoteza kunusa karibu wiki mbili zilizopita na ameficha. Na langu, maana nilikuwa namtazama kila siku sikuona. La mwosha madebe nimeliondoa."

"Unaelewa kwamba ningeweza kuuliza kwa nini shemeji yako..."

"Uliza, bosi. Njoo uulize hapa. Tuna hamu ya kukuona."

Akakata. Aliichana barua mara nne, akaitupa ndani ya pipa mbele ya Mhasibu, ambaye alikuwa anapuliza dawa kwenye simu, kwenye kiti, na mwishowe kwenye kiganja chake mwenyewe huku akilia taratibu.

Kimya alikuwa nyuma, anaosha. Hakuna aliyekuwa amemwambia kituo kimefungwa. Msimamizi alisimama hatua tatu kutoka kwake, akaona hata hizo ni chache, akarudi moja.

"Mama. Ni Pua. Amepoteza kunusa."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Debe la nne la Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikasema labda ni moja. Kisha yakawa matano kwa siku." Alisuuza brashi. "Nikaanza kuweka alama, ili wakija watu wa kiwandani nionyeshe. Nilijua mtaninyooshea mimi kidole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumatano."

Msimamizi aliyatazama madebe yenye misalaba.

"Ningekuambia kwa jina lake," Kimya akaendelea, "ungeniamini?"

Jibu la adabu lilikuwepo, jepesi, mdomoni kabisa. Alilimeza.

"Hapana," akasema. "Niliandika barua ya kukuachisha kazi. Jana. Nimeichana sasa hivi."

Kimya alimtazama, macho yaleyale makubwa makavu. Hakuonekana kushangaa, wala kushukuru. Alionekana kama mtu anayehesabu moyoni hatua zilizoko kati yake na mlango.

"Tukifungua tena," Msimamizi akasema, "jukwaa litahitaji mtu wa kunusa. Wewe unaweza. Umeonyesha unaweza. Nitakuandikia barua nyingine, ya kupandishwa cheo."

"Sitaki."

"Ni kazi nzuri, mama. Hulowi maji."

"Kule mbele ni kuvua barakoa kwa kila mtu anayekuja, na kuchekesha watu. Mimi nataka kuosha madebe." Alipandisha barakoa ya juu iliyokuwa imeteremka. "Na nataka uache kunichungulia nyuma ya bomba. Jumatano viatu vyako vilikuwa vinaonekana."

Kwa mara ya kwanza katika wiki ile Msimamizi alihisi uso ukimwaka kwa aibu, na hakukuwa na wa kumsingizia.

"Sawa," akasema.

"Sema nimekusikia."

"Nimekusikia, mama."

Kimya aligeuka, akawapa mgongo yeye na banda zima, akavuta debe lililofuata. Akashusha barakoa zake kidogo kulinusa, kisha akangoja, bila kuligeuza, mpaka asikie viatu vya Msimamizi vikiondoka kwenye saruji iliyolowa.

Msimamizi aliondoka. Ilimpasa apite mahali penye bomba, kisha penye tangi, mpaka getini ambako watu wa afya walikuwa wanagonga. Njia nzima shingo ilimwasha kutaka kugeuka aone kama debe lile limechorwa. Hakugeuka.